Mahali Damu Ilipopotea

Picha ile niliiegemeza kwenye kioo cha dirisha la karakana yangu mjini Embu, mahali ambapo jua la asubuhi hupiga moja kwa moja. Ilikuwa filamu nyeusi, kubwa kama kalenda ya ukutani. Nilikuwa nimezoea kusoma michoro ya redio, ambayo pia ni mistari tu, nikadhani nitaielewa haraka. Haikuwa hivyo. Kwanza niliona weusi mtupu. Kisha nikaona mistari minne myeupe ikipanda kutoka chini, miwili minene na miwili myembamba, bila kushikiliwa na kitu. Hapakuwa na mfupa, wala nyama, wala ngozi. Ilikuwa shingo ya shangazi yangu, na kilichobaki cha shangazi kilikuwa damu yake tu, imesimama wima gizani.

Ile mistari miwili minene ilikuwa imekatika. Ilipanda vizuri kutoka kifuani, ikafika chini kidogo ya taya, ikapotea. Halafu, upana wa kidole juu yake, ikaanza tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nyoka akikatwa kwa jembe hujipinda na kutapatapa. Huyu alikuwa amekatwa vipande viwili na kila kipande kilikuwa kimetulia. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kushoto na kulia ilikuwa imekatika kwa kimo kimoja. Nilichukua rula nikaiweka juu ya filamu. Rula ilipita kwenye mapengo yote mawili bila kuinama.

Hiyo ilikuwa katika miaka ya tisini, mwishoni mwishoni, wakati mashine ya sumaku ya kupigia picha za mwili ilikuwa kitu kigeni nchini na watu wa kwetu waliisikia tu kwa masimulizi. Mimi nilikuwa mtu wa umri wa makamo, fundi wa redio na televisheni. Shule niliiacha kidato cha pili. Umeme nilijifunza kwa vitabu vikuukuu nilivyovinunua kando ya barabara, nikivisoma ukurasa baada ya ukurasa, na ukurasa nisiouelewa sikuuruka.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Kwa lugha yetu humwita tata. Alikuwa mjane, akiishi nyanda za chini za Mbeere, kwenye shamba la ndengu na mawele, na mbuzi ambao aliwatukana kwa majina ya watu waliomuudhi. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Yeye aliniita baba. Si kwa mzaha. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na anayelibeba jina hulibeba pamoja na nafasi yake. Mimi nilikuwa na jina la baba yake. Nilipokuwa mdogo nikilia njaa, yeye mama mtu mzima alikuwa akiniambia, "Nyamaza, baba, binti yako anakupikia," na wageni wote waliona ni sawa.

Ugonjwa ulianza na uteo. Alikuwa akipepeta mawele uani, mkono wa kulia ukauachia uteo, nafaka ikamwagika. Aliutazama ule mkono, kama alivyonieleza baadaye, kama mkono wa jirani uliosahauliwa kwake. Muda mfupi baadaye ulirudi kuwa wake. Mara nyingine jicho la kushoto lilifungwa na pazia kutoka juu kwenda chini, pazia la kijivu, likakaa kidogo, likainuka. Mwanawe, binamu yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko milima ya Meru, alisikia habari hizo akamchukua bila kumuuliza hadi hospitali ya misheni karibu na kwake.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa Meru, mtu wa maneno machache, mwenye kuvaa raba nyeupe za michezo. Alieleza kwamba dalili kama hizo ni onyo la kiharusi, na kwamba mara nyingi mzizi wake uko kwenye mishipa mikubwa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo. Mshipa ukizibwa na mafuta, vipande humeguka na kwenda juu. Alijaribu kuitazama kwa mashine ile ya kuangalia mimba. Hakufika mbali. Shangazi alikuwa na makovu pande zote mbili za shingo, na chini ya makovu kulikuwa na matezi ya ugonjwa wa utotoni, yaliyokauka na kuwa magumu kama kokoto. Mahali pale mashine ilionyesha kivuli tu. Ndipo akamwandikia kwenda Nairobi kwenye ile ya sumaku.

Mimi ndiye niliyempeleka, kwa sababu binamu alikuwa na mitihani ya darasa la nane. Kabla ya kumwingiza, kijana wa mashine aliniomba nimtafsirie. Alitaka shangazi avue hereni, pini za nywele, kila kitu cha chuma. Kisha akauliza kama ana chuma chochote ndani ya mwili: risasi, pini ya mfupa, kipande cha aina yoyote. Nilitafsiri kwa Kimbeere, polepole.

Shangazi alinitazama, kisha akamtazama yule kijana.

"Sina," akasema. "Mwambie chuma changu ni jembe, na nimeliacha nyumbani."

Kijana akacheka. Wakamlaza juu ya kitanda chembamba, wakamsukuma ndani ya tundu, na mashine ikaanza kugonga. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango. Mgongo wa kiti changu ulikuwa ukitetemeka kwa kila pigo. Nilikuwa nimesoma juu ya sumaku za namna hiyo na nikajiambia mambo niliyoyasoma, moja baada ya jingine, ili nitulie.

Alipotoka, alikuwa ameinamisha kichwa na kujifunika shingo kwa leso. Tukatoka mpaka barabarani. Hapo akasimama.

"Mle ndani kuna mtu mwingine?"

"Hakuna, tata. Uliingia peke yako."

"Kuna mtu alinishika shingo. Huku na huku. Kwa vidole vya moto." Akatafakari. "Hakunikaba. Alikuwa anavuta tu."

Nilimwambia ni kelele na hofu, kwamba mwili ukikaa mahali pafinyu husikia mambo. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayemweleza njia asiyoijua mwenyewe.

Majibu yalikuja na ile filamu. Daktari wa upasuaji wa Nairobi alituambia kwamba mishipa yote miwili ilikuwa karibu kuzibika kabisa, mahali pamoja. Ilipasa afunguliwe shingo na mishipa isafishwe, upande wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Alikuwa mtu mkweli. Alisema upasuaji wenyewe unaweza kuleta kiharusi pale pale mezani, hasa kwa mtu wa umri wa shangazi, na mishipa yote miwili ikiwa vile. Lakini kutofanya lolote, kwa picha kama ile, kulikuwa kungoja tu. Akatupa tarehe.

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Tukikubali, shangazi angeweza kufa chini ya kisu au kuamka bila ulimi. Tukikataa, angeweza kuanguka shambani siku yoyote. Na uamuzi wote ulitegemea mapengo mawili kwenye filamu.

Kabla ya tarehe kufika, nilimrudisha Meru kwa yule daktari wa raba nyeupe, kwa sababu yeye ndiye aliyemtuma na niliona ni haki aone jibu. Aliitundika filamu kwenye ubao wake wa mwanga. Kulikuwa na filamu ya pili ambayo mimi sikuwa nimeijali, yenye picha ndogo ndogo za shingo iliyokatwa vipande vya mviringo kama mhogo. Daktari alikaa sana kwenye hiyo ya pili.

"Unajua mashine hii inapiga picha ya nini?" akaniuliza.

"Mishipa."

"Hapana. Haioni mshipa. Inaona damu inayotembea. Umewahi kuona picha ya barabara iliyopigwa gizani, kamera imeachwa wazi? Unaona mistari ya taa za magari. Barabara yenyewe huioni. Sasa mahali mstari umekatika, utasema nini? Barabara imebomoka?"

"Naweza kusema hivyo."

"Unaweza. Na mara nyingi utakuwa sawa. Lakini pengine magari yalikuwa yakienda polepole mno, picha haikuyashika. Pengine yalifika kona yakazungukazunguka, taa zikachanganyikana zikapotea. Pengine kuna kitu kilisimama mbele ya kamera." Akaweka kucha juu ya picha moja ndogo. "Angalia hapa, ukingoni. Hii ni ngozi. Inazunguka shingo yote vizuri, ikifika hapa imeliwa. Upande huu pia. Mshipa ukiziba, ngozi haipotei."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Duara la shingo lilikuwa limeng'atwa kushoto na kulia, na ndani ya kila ng'ato weusi ulikuwa mzito kuliko weusi mwingine wowote kwenye filamu, na ukingo wake uling'aa.

"Chuma hufanya hivi," daktari akasema. "Hata kidogo sana. Huvuruga sumaku, na kila kilicho karibu nacho kinafutika kwenye picha. Muulize tena."

Nilimuuliza tena. Safari hii shangazi hakufanya mzaha. Alitazama zile raba nyeupe za daktari.

"Sina," akasema.

Daktari alingoja. Kisha akasema kwamba yeye peke yake, kwa kuhisi tu, hawezi kumpigia mwenzake wa Nairobi na kumwambia picha yake inadanganya. Shaka si ushahidi. Matezi yenyewe huenda yamebana mishipa, na hapo picha ingekuwa inasema kweli. Alimpima mapigo ya mkono kwa muda mrefu, uso wake ukabadilika kidogo, akaandika kitu, akatuambia turudi akiwa na neno jipya au sisi tukiwa nalo.

Shangazi alikaa kwangu Dallas, mtaa wa pale Embu wa nyumba za mabati na ua mdogo, akingoja tarehe. Mke wangu alimwekea kitanda chumba cha mbele. Hakukilalia. Alikaa kwenye kiti akiangalia mlango, leso shingoni hata jua likiwa kali. Alikula vizuri na kulalamika kwamba kunde za mjini zina ladha ya maji ya bomba. Lakini alikuwa na namna ya kukatiza maneno katikati na kusikiliza, mdomo ukiwa wazi kidogo, na sisi tukanyamaza pamoja naye bila kujua tunasikiliza nini.

Alasiri moja aliniuliza, "Ile mashine, jioni wakienda nyumbani wanaizima?"

Hilo nilikuwa nimelisoma, na niliona fahari kulijibu. "Kugonga kunazimwa. Sumaku yenyewe haizimwi. Inawaka siku zote, mwaka mzima."

"Hata saa hii?"

"Hata saa hii."

Alifunga leso vizuri zaidi. "Basi bado inavuta," akasema.

Binamu alikuja mitihani ilipomalizika, amevaa koti, ameshaomba ruhusa ya kazi kwa ajili ya upasuaji. Nilimweleza shaka ya daktari wa Meru. Hakutaka kuisikia.

"Wewe unatengeneza redio," akasema. "Redio ikikushinda unaifungua tena kesho. Huyu ni mama yangu."

"Sijasema asipasuliwe. Nimesema picha ina kasoro."

"Mtaalamu wa Nairobi haoni kasoro, wewe wa Dallas unaiona. Sawa, daktari wa spika."

"Daktari wa spika angalau anajua sumaku," shangazi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Wewe unajua nini? Kuchapa watoto."

"Mama, nimeacha kuchapa."

"Ndiyo maana wanafeli."

Tulicheka wote watatu, kisha kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka kwenye paja na kuning'inia. Hakuonekana kujua. Binamu aliuchukua akaurudisha mahali pake, akaushikilia mpaka vidole vilipoanza kujikunja tena. Binamu alipoondoka aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba iwe iwavyo watasafiri siku iliyopangwa.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikuja karakana. Hakuwa amewahi kuingia mle. Alipita katikati ya televisheni zilizofunuliwa migongo, akasimama mbele ya meza yangu ya kazi. Nilikuwa na sumaku ya duara niliyoitoa kwenye spika kubwa ya kanisa iliyoungua, na niliitumia kushikia skrubu ndogo zisipotee. Zilikuwa zimesimama juu yake kama manyoya ya kuku aliyeogopa.

"Hii ni sawa na ile?"

"Ni aina moja. Ile ina nguvu kupita kiasi."

Aliikodolea macho. Kisha akakaa kwenye kigoda changu, na alipozungumza alizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, ya msichana.

"Baba. Kuna neno nataka kusema, na wewe ndiye uliyelifunga. Nifungulie."

Nilielewa mara moja kwamba hakuwa anazungumza nami. Nilielewa pia kwamba alikuwa anazungumza nami. Ilikuwa asubuhi, na nje ya dirisha watu walikuwa wakipanga vitunguu mafungu mafungu.

"Tata, mimi siye niliyefunga."

"Jina lako ndilo lililofunga. Yule mwenyewe alikufa kabla hajalifungua. Nani mwingine atalifungua? Ningoje azaliwe mara nyingine?"

Mimi si mtu wa mambo hayo. Nilikuwa nimetumia miaka mingi kujiondoa humo, kitabu kwa kitabu. Nilifikiri kumweleza kwamba maneno hayafungi kitu. Lakini alikuwa ameinua uso, akingoja, na nikaona kwamba maelezo yangu yote hayangeingia mahali jibu moja lingeingia. Nikasema, kwa Kimbeere, kama nilivyosikia wazee wakisema, "Mimi baba yako nimekufungulia. Sema."

Akapumua kwa mdomo.

Alisema alipokuwa msichana shingo yake ilivimba pande zote, uvimbe ukapasuka ukawa vidonda visivyokauka, na watoto wa rika lake wawili wenye ugonjwa huo huo walizikwa. Baba yake alimpeleka ng'ambo ya mto, upande wa Tharaka, kwa mhunzi. Kwetu mhunzi aliogopwa kuliko mchawi, kwa sababu mchawi hukana kazi yake na mhunzi hufanya yake mchana mbele ya watu, na laana yake haina dawa. Mhunzi alichoma chuma mpaka kikawa chekundu, akakigonga, akakusanya yale magamba meusi yanayodondoka chini ya nyundo. Akayasaga na mafuta ya kondoo. Akamchanja shingo kushoto na kulia kwa wembe wa kienyeji na kuyasugua ndani ya chale. Vidonda vilikauka. Kwa malipo hakutaka mbuzi. Alimwambia baba mtu ashike fuawe na kuapa kwamba yeye na binti yake hawatasema kamwe chuma kile kilikokwenda. Siku kitakapotajwa, mhunzi alisema, kitarudi nyumbani kwa njia ile kiliyoingilia.

"Nilipoingia kwenye lile tundu," shangazi akasema, "kilisikia kinaitwa. Nilidhani ni mhunzi anakiita. Na mimi sikuwa nimesema neno lolote, baba. Nilijiuliza nimekosa wapi."

Akafungua leso. Akaichukua ile sumaku mezani, akazipangusa skrubu zikaanguka sakafuni, akaisogeza kwenye upande wa kushoto wa shingo yake, bila kuigusisha ngozi.

Kovu lilinyanyuka. Lilikuwa jambo dogo, nalisema jinsi lilivyokuwa: mistari mifupi mitatu ya ngozi ya kale, iliyokunjamana, ilijivuta kuelekea sumaku kama utando wa maziwa unavyofuata kijiko. Alipoiondoa, ngozi ikalala. Akahamia kulia. Ikawa vile vile.

Nilikaa chini. Nilikuwa najua sababu yake, ningeweza kuichora kwa penseli, na bado nilikaa chini.

Tulikwenda Meru siku hiyo hiyo. Nilimweleza daktari yote mbele ya shangazi, naye shangazi aliyasikiliza kama habari za mtu mwingine. Daktari hakushangaa wala hakucheka. Aliagiza eksirei ya kawaida ya shingo. Ilipotoka tuliona pande zote mbili vumbi la nukta nyeupe, kama mtu aliyepuliza unga, na nyuma yake zile kokoto za matezi.

"Hiki ndicho kilichosimama mbele ya kamera," akasema. "Sasa sijui nyuma yake kuna nini. Pengine mishipa ni mizima. Pengine pia imeziba kweli. Chuma kikificha, kinaficha yote mawili."

Hapo ndipo alipotoka, akarudi na kifaa kidogo kutoka wodi ya wazazi, kile cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Kilikuwa na kipaza sauti chake, nilitambua aina ya spika kwa kuiona tu. Shangazi alilala kitandani, uso umegeukia ukuta. Daktari alipaka mafuta juu ya makovu ya kushoto na kuweka kifaa.

Kimya. Mchakacho mdogo, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Alikisogeza huku na huku juu ya makovu. Kimya.

Shangazi alifumba macho.

"Hapo nilijua hatutasikia," daktari akasema. "Kokoto zinazuia. Nataka juu yake. Mshipa ukiwa umezibwa chini, damu inayofika juu huwa dhaifu, inajikokota. Ukiwa mzima, tutajua."

Akakipandisha kifaa mpaka chini kabisa ya pembe ya taya, akakilaza.

Chumba kilijaa upepo. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Ulikuja kwa mapigo, wa nguvu, unapanda na kukatika, unapanda na kukatika, kama mtu anayefyeka nyasi ndefu kwa nguvu zake zote mahali usipomwona. Daktari akahamia kulia. Upepo ule ule. Haukuwa dhaifu. Haukujikokota. Lakini haukuwa na mpangilio: mapigo mawili ya karibu, kisha pengo refu, kisha matatu ya haraka.

"Mnasikia anavyoruka?" daktari akasema. "Nilimhisi hivi mkononi siku ile. Ni moyo. Moyo ukipiga ovyo, damu huganda humo ndani, na vipande vidogo hupanda kichwani. Jicho na mkono vimetoka huko. Si shingoni."

Shangazi aliuliza wanasema nini. Nilimwambia.

"Ile sauti ilikuwa nini?"

"Damu yako, tata."

"Inaenda wapi?"

"Kichwani."

Alisikiliza tena, mpaka daktari alipokizima kifaa.

Daktari wa Nairobi hakukubali kwa maneno ya simu, na sikumlaumu. Alitaka picha ya dawa, ile inayopenyezwa kwa mrija kutoka kwenye paja mpaka shingoni na kupigwa eksirei. Binamu alimpeleka mwenyewe. Picha hiyo sumaku haihusiki nayo. Mishipa yote miwili ilipita nyuma ya vumbi la mhunzi ikiwa wazi, laini, bila pengo. Upasuaji ukafutwa. Shangazi alipewa vidonge vya kutuliza moyo na vya kuzuia damu isigande, na daktari wa Meru akamkataza kabisa kuingia tena kwenye mashine ile. Mkono haukuteleza tena. Pazia halikushuka tena.

Mara ya mwisho tulipomwona daktari, alisema chuma kile kinaweza kutolewa kwa upasuaji mdogo wa ngozi, ganzi tu, si jambo la kuogopa. Nilitafsiri. Shangazi alikataa, akasema shingo yake imeshachanjwa ya kutosha.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la saruji nje, tukimngoja binamu. Aliifungua leso akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nairobi nimwone shingo wazi mbele za watu. Kisha akapitisha kidole juu ya makovu, upande mmoja, halafu wa pili, taratibu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Bado kimo," akasema.

"Kimo, tata. Hakiwezi kwenda popote."

"Tumekitaja, lakini."

"Tumekitaja."

"Mbele ya mgeni. Tena mchana." Alitazama barabara inayoshuka kuelekea nyanda za chini, ambako mto ule ulikuwa mbali mno usionekane. "Nitaendelea kuangalia," akasema. "Wewe pia uwe unaangalia."

Nikamwambia nitaangalia.